Hodi ikipigwa: uchambuzi wa kisa cha mtoto asemaye nyumbani na kunyamaza shuleni

Ndani ya kiwanda, yaani ua wa ndani wa nyumba yao, mtaa wa Langoni, Lamu, mtoto huyu wa kike wa miaka 6 ndiye mwenye sauti kuliko wote. Humwita bibi yake, "Bibi, ndoo! Paka yuko yuu!" (njoo, paka yuko juu), hugombana na kaka yake juu ya karata, huhesabu barafu za ukwaju anazouza mama yake. Kisha hodi hupigwa. Neno hukatika katikati, mabega hupanda, midomo hubana. Mgeni akikaa saa nzima, kimya kitakaa saa nzima. Akishaaga na komeo likarudi, sentensi huendelea pale ilipokatikia.

Shuleni hajamjibu mwalimu tangu aanze PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea nchini Kenya, na sasa yuko PP2, mwaka wa pili, muhula wa pili. Anaandika, anapaka rangi, anaonyesha kwa kidole. Akitaka choo hujibana mpaka saa ya kurudi nyumbani, na mara mbili hakuwahi. Hilo la choo ndilo lililoifanya familia itafute msaada. Kimya peke yake kilikuwa kimesamehewa.

Mtoto wa kisa hiki ni wa mfano. Ameshonwa kutokana na mambo yanayojirudia kwa watoto wa hali hii, ili pasiwe na familia ya kunyooshewa kidole.

Adabu na utovu wa adabu

Darasani, mtoto asiyepiga kelele ni zawadi kwa mwalimu mwenye watoto 40. Ripoti ya muhula ilisema "mtulivu, ana adabu". Njiani mambo yanageuka: mzee akinyoosha mkono, mtoto anautoa wake lakini "shikamoo" haitoki, na mama anaambiwa hakumfunza mwanawe adabu. Kimya ni kimoja, kimepewa majina mawili yanayopingana, na yote mawili yanakosea kwa namna moja: yanakichukulia kuwa ni tabia. Mtoto mwenye haya huinamisha macho akajibu kwa sauti ndogo. Huyu hawezi kujibu. Ukimtazama utaona shingo imekakamaa, uso umekuwa mkavu, na hata ukimpa peremende mkono unachelewa kuipokea. Mwili wa mwenye haya haufanyi hivyo.

Majirani walikuwa na maelezo yao. Mmoja alisema ni kijicho. Mwingine alishauri akatwe uzi wa chini ya ulimi, ushauri ambao jibu lake ni fupi: ulimi unaomwita bibi nyumba nzima ikasikia hauna uzi wa kukatwa. Mtoto alinyweshwa kombe, yaani maji yaliyooshewa maandishi ya aya za Kurani, na hapakuwa na haja ya kugombana nalo. Walioharibu ni wale waliokuja baadaye kuangalia kama limefanya kazi: "Haya, sema basi tukusikie."

Jina la kitaalamu nalo limepotosha watu kwa zaidi ya miaka 100. Mwaka 1877 tabibu Mjerumani Adolf Kussmaul aliiandika hali hii kama ububu wa hiari. Mwaka 1934 Moritz Tramer alilileta neno la kuchagua, kana kwamba mtoto anakaa akaamua nani amjibu. Ilipofika 1994 mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani ulilibadili jina ili lionyeshe kwamba kimya hutokea mahali fulani tu, bila kudai kwamba mtoto amekusudia. Mwaka 2013 hali hii ikahamishiwa rasmi kwenye kundi la matatizo ya hofu, na orodha ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika 2022 imeiweka huko huko. Hapa tutaiita ububu wa mahali (kwa Kiingereza, selective mutism).

Tathmini: nini kilipimwa, nini kiliondolewa

Kitu cha kwanza hakikuhitaji mtaalamu. Mama aliweka simu kwenye kidaka cha ukutani akarekodi dakika 20 za mchezo wa kawaida, bila kumwambia mtoto aseme lolote. Rekodi ilisikilizwa na mtu anayejua Kiamu, Kiswahili cha Lamu, na hili ni la lazima. Mtoto anayesema "mato", "kitwa" na "ndia" hakosei macho, kichwa na njia, anasema lugha ya kwao. Asiyejua hilo angemhesabia makosa 15 ya matamshi na kumpeleka kwa tatizo asilokuwa nalo. Rekodi ilionyesha sentensi ndefu, nyakati za vitenzi zimekaa sawa, na hadithi yenye mwanzo na mwisho. Lugha ni nzima. Masikio yalipimwa hospitali, nayo mazima.

Kisha ikachorwa ramani ya sauti. Ni karatasi moja: upande mmoja majina ya watu wote anaokutana nao kwa wiki (kwa mtoto huyu walikuwa 23), upande wa pili mahali na shughuli, na katikati alama moja kati ya tano: sauti kamili, sauti ndogo, mnong'ono, ishara, hakuna kitu. Mama hujaza, mwalimu wa shule hujaza yake, mwalimu wa chuo cha Kurani yake. Kuna pia hojaji inayotumika sana yenye maswali 17 kuhusu shule, nyumbani na kwa watu, kila jibu kati ya 0 na 3. Inafaa kwa kulinganisha mwanzo na mwisho, lakini ukinilazimisha nichague kimoja nitachukua ramani. Hojaji inakwambia tatizo ni kubwa kiasi gani. Ramani inakwambia pa kuanzia.

Na kwenye ramani hii kulikuwa na alama mbili ambazo hakuna aliyezitarajia. Chuoni, mtoto anapokaa na binamu yake, hunong'ona. Na darasa zima la chuo linaposoma sura kwa pamoja, sauti yake imo. Mwalimu wa chuo, mama mtu mzima anayesomesha kwake, alikuwa akiisikia kila siku na hakudhani ni habari.

Mambo matatu yaliondolewa. La kwanza ni kimya cha lugha mpya. Mtoto aliyekulia kwenye Kiorma au Kigiriama akiingizwa darasa la Kiswahili anaweza kunyamaza kwa wiki nyingi, na hilo si ugonjwa. Lakini huyo akimpata wa lugha yake husema. Huyu ananyamaza kwa Kiamu mbele ya watoto wa Kiamu. Kigezo rasmi kinataka kimya kisipungue mwezi mmoja, na mwezi wa kwanza wa shule hauhesabiwi. Huyu ana zaidi ya mwaka. La pili ni usonji: nyumbani hutania, husoma nyuso, hubadilishana zamu, kwa hiyo dalili hazikuwapo. La tatu ni mshtuko. Mtoto aliyenyamazishwa na tukio baya mara nyingi hunyamaza ghafla, na kwa watu wote, hata wa nyumbani.

Hapo ndipo kila mtu alipotaja "siku ya mato". Siku za mwanzo za PP1 mwalimu aligusa jicho akauliza ni nini, mtoto akasema "ito", wenzake wakacheka. Baba aliamini ndicho chanzo. Sivyo, au si kwa namna alivyodhani. Bibi alikumbuka kwamba hata kabla ya hapo mtoto alikuwa akijificha nyuma ya buibui lake kila walipokwenda harusini, na alipokuwa mchanga sura ngeni ilimliza mpaka akasongwa. Jerome Kagan wa Harvard, aliyewafuatilia watoto tangu wakiwa na miezi 4, alikuta kama 20% hustuka na kulia sana wakiletewa kitu kipya, na wengi wao hukua wakiwa waangalifu mbele ya wageni. Mtoto huyu anafanana nao. Kicheko cha darasani kilidondokea udongo uliokwisha lowa.

Kwa wanaouliza hali hii ni adimu kiasi gani: utafiti wa shule za Los Angeles uliochapishwa 2002 ulikuta 0.71%, yaani kama watoto 7 katika 1,000. Utafiti wa Israeli wa 2003 ulikuta 0.76% kwa jumla, lakini 2.2% kwa watoto wa familia zilizohamia. Lugha ya nyumbani ikiachana na ya darasani, mzigo huongezeka.

Kimya kinalishwa na nini

Mama alipewa kazi ya kuhesabu. Kwa nusu saa, akitembea na mtoto kutoka nyumbani mpaka sokoni na kurudi, watu 11 walimuuliza mtoto swali: jina lako nani, wenda wapi, shule yako ipi. Mara 10 kati ya hizo jibu lilitolewa na mtu mwingine kabla ya sekunde 2 kupita. Mara 6 ni mama mwenyewe. Mara 3 kaka. Mara moja mwenye duka, aliyejiuliza na kujijibu: "Huyu hasemi."

Sasa litazame kwa ndani. Swali linaingia, hofu inapanda. Mtu anajibu badala ya mtoto, hofu inashuka. Mtoto anapata nafuu, mama anapata nafuu, aliyeuliza naye anapata nafuu. Wote watatu wamefundishwa kitu kimoja kwa wakati mmoja: kunyamaza kunasaidia. Lamu watu wanajuana na wana huruma, na huruma hiyo ni ya haraka. Hakuna swali linaloachwa likaning'inia mbele ya mtoto. Kwa hiyo mtu wa kwanza wa kubadilika hapa ni mkubwa, na anachobadili ni sekunde 5.

Ukimuuliza, funga mdomo na uhesabu moyoni mpaka 5. Ni muda mrefu kuliko unavyodhani. Wazazi wengi huvunjika kwenye ya 3. Swali lisiwe la ndiyo au siyo, kwa sababu hilo hujibiwa kwa kichwa. Mpe viwili: "Wataka mabuyu au barafu?" Asipojibu, rudia swali lile lile mara moja, uhesabu tena 5. Asipojibu tena, usimjibie. Punguza ugumu: "Nionyeshe," kisha mambo yaendelee bila uso kubadilika. Na kaka yake akiombwa asaidie, asaidie kwa kunyamaza.

Mpango wa shuleni

Kilichotumika ni kumwingiza mtu kidogo kidogo kwenye mahali ambapo sauti tayari ipo. Siku 3 kwa wiki, dakika 15 kabla ya masomo, katika chumba kitupu shuleni. Mama na mtoto wanahesabu kwa zamu, mmoja "moya", mwingine "mbili", mpaka 10, wakigeuza karata. Kuhesabu kumechaguliwa kwa sababu hakuna cha kufikiria: neno linalofuata linajulikana. Mlango umefungwa.

Mtoto akihesabu kwa sauti yake ya nyumbani mara 3 mfululizo, hatua inasogea. Mlango nusu wazi. Mwalimu anapita nje. Mwalimu anasimama mlangoni akiwa amewapa mgongo, anaandika rejista kweli na si kwa kujifanya. Anaingia, anakaa hatua 4 mbali. Anakaa mezani, macho kwenye karata zake. Anageuka. Anachukua zamu yake: mama "moya", mtoto "mbili", mwalimu "tatu". Kisha mama anaanza kutoka kwa njia ile ile, kinyumenyume. Mama huwa na haraka na hatua hii kuliko zote, na ndiyo isiyotaka haraka.

Mtoto mwenyewe ndiye aliyekuwa akisoma hofu yake. Ulichorwa ukuta wa gati wenye ngazi 5. Chini kabisa maji yamekupwa, juu kabisa ni bamvua na ngazi zote zimefunikwa. "Maji yako ngazi ya ngapi?" Anaweka kidole. Yakiwa ya 1 au 2 tunasonga, ya 3 tunarudia hatua, yakifika 4 tunarudi hatua mbili nyuma bila kumlaumu. Mtoto wa Lamu anajua bila kuelezwa kwamba maji yakijaa hushuka yenyewe ukingoja, na maarifa hayo ni nusu ya tiba.

Nje ya chumba hicho, mwalimu alielekezwa kwa namna iliyotumiwa na Beate Oerbeck na wenzake Norway: akae ubavuni mwa mtoto, wasitazamane, kazi iwe mbele yao, aseme anachofikiri kwa sauti ("hii bluu sijui ikae wapi") badala ya kuuliza, na mtoto akisema neno, alipokee kama neno la mtoto mwingine yeyote.

Hapo ndipo palipoharibika. Wiki ya 3 mtoto alimwambia mwalimu "nyekundu", peke yake, bila mama. Mwalimu alifurahi akasema darasa zima limpigie makofi. Mtoto hakutoa sauti tena shuleni kwa siku 9. Nia ilikuwa njema, hakuna ubishi. Lakini mtoto huyu anachoogopa ni watu kumgeukia anaposema, na makofi ya watoto 40 ni watu 40 wamemgeukia. Tulirudi mlango nusu wazi.

Kosa la pili lilikuwa la polepole. Mtoto alianza kumnong'oneza rafiki, rafiki akawa anatangaza: "Mwalimu, asema ataka penseli." Wote walishangilia hatua hii, na kumbe rafiki amekuwa mkalimani, na mkalimani akizoeleka haondoki kirahisi. Dawa yake ni umbali: rafiki anahamishwa kiti kimoja, kisha viwili, ili mnong'ono usifike na sauti ilazimike kukua. Kwa kanuni, afadhali neno moja dogo la sauti kuliko sentensi nzima ya mnong'ono.

La tatu lilikuwa kalenda. Likizo ya Agosti ilikata mazoezi, na mwaka ule mfungo sita, mwezi wa Maulidi, uliangukia humo humo. Wageni wa Maulidi walijaa nyumba, shangazi wa Mombasa akamshika kidevu: "Nasikia sasa wasema! Niambie kitu." Ramani ya wiki hiyo ilirudi karibu na ya mwezi wa kwanza. Likizo ijayo mama atamleta mtoto shuleni mara 2 kwa wiki wahesabu karata katika darasa tupu, na wageni watapewa agizo moja mlangoni kabla ya kuvua viatu: msimuulize kitu, zungumzeni karibu yake.

Chuoni na barazani

Tulipoteza wiki 6 kabla ya kuitumia ile alama ya chuo, na lawama ni ya mpango. Sauti ilikuwa pale tayari. Tuliivuka tukaenda kujenga nyingine shuleni.

Kusoma kwa pamoja kuna mambo mawili yanayomfaa mtoto wa hofu. Maneno ni yale yale, hakuna kubuni, hakuna kukosea jibu. Na sauti yake haina mwenyewe, imeyeyuka katika sauti 20. Kazi ni kuipunguza hiyo 20 taratibu. Mwalimu wa chuo aligawa wanafunzi safu 2 zikapokezana aya, kwa hiyo 10. Wiki iliyofuata, watano watano, mtoto akiwa kando ya binamu. Kisha watatu. Kwenye watatu sauti ilishuka ikawa midomo tu, mwalimu akarudi kwa watano siku 4 bila kusema lolote, akajaribu tena. Kisha yeye na binamu. Kisha binamu akaanza kufika amechelewa kwa aya moja, mpango wa watu wazima ambao binamu aliufurahia kupita kiasi, na aya hiyo moja mtoto aliisoma na mwalimu wake, wawili tu. Kutoka wiki ya kwanza mpaka hapo zilikuwa wiki 7.

Nyumbani ilitumika biashara ya mama. Daka la nyumba ya Lamu, baraza la mlangoni, ni mahali pa kati: si ndani, si kichochoroni. Watoto hugonga kununua barafu. Kwanza mtoto alisimama ndani, tekani (ukumbi wa nyuma ya mlango), akihesabu barafu kwa sauti huku mama akiuza nje. Kisha akakaa dakani akimpa mnunuzi barafu mkononi, mama akitaja bei. Kisha mama akawa anatafuta chenji huku amempa mgongo, mnunuzi anauliza bei, sekunde 5 zinapita. Mnunuzi wa kwanza alikuwa mtoto wa miaka 4. Huyo alichaguliwa makusudi: wadogo hawatishi.

Muhula wa 3 ulipokaribia kwisha ramani ilikuwa hivi. Kati ya watu 23, sauti kamili kwa 13, mwanzo walikuwa 6. Mwalimu wa PP2 anajibiwa kwa neno moja mpaka matatu, na "choo" ni mojawapo, hajajibana tena. Kusoma peke yake mbele ya darasa bado. Shikamoo kwa wazee bado, na imeachwa mwisho kwa makusudi, kwa kuwa ndiyo salamu inayoangaliwa na watu wengi zaidi.

Matarajio yawe ya kweli. Katika utafiti wa Oerbeck wa watoto 24 wa miaka 3 hadi 9, mwaka mmoja baada ya matibabu 12 hawakuwa tena na ugonjwa, 4 walikuwa wakielekea kupona, na 8 bado walikuwa nao. Walioanza wakiwa wakubwa zaidi walipata nafuu ndogo, na ndiyo maana ule mwaka wa "mtulivu, ana adabu" una bei. Kwa watoto wakubwa ambao mazoezi hayakuwasogeza, daktari wa akili wakati mwingine huongeza dawa ya kupunguza hofu. Kwa huyu haijazungumzwa.

Kilicho mbele ni Gredi ya 1 mwezi Januari, mwalimu mpya na chumba kipya, na hapo ndipo wengi huanguka. Mwalimu huyo ataingizwa kwenye mchezo wa karata wiki 2 za mwisho kabla shule hazijafungwa, akianzia mlangoni, mgongo kwanza. Atapewa ramani ya sauti. Mwalimu wa PP2 ameombwa, akimkabidhi, aseme mtoto huyu anapenda karata na paka, na asitumie neno "hasemi".